Dinosauri wa Plastiki na Mizani ya Thamani

Watu hukusanya vitu vya namna nyingi. Yuko anayekusanya stempu, yuko wa sarafu, yuko wa saa za ukutani, na yuko wa kanga za miaka iliyopita. Mtu akisema kwamba anakusanya sarafu hakuna anayemcheka. Lakini akisema kwamba anakusanya vitu vya kuchezea watoto, tena mtu mzima mwenye mvi, wasikilizaji hutazamana. Mimi nimezoea kutazamwa hivyo. Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya kuthamini vitu katika nyumba moja ya mnada katikati ya Uingereza, na vitu vya kuchezea vilikuwa sehemu kubwa ya kazi yangu. Nimeshika magari ya bati, garimoshi za chemchemi, wanasesere wa kauri. Na nimeshika mara nyingi kitu ambacho nataka kukizungumza hapa, yaani dinosauri wa plastiki na chuma anayegeuka akawa roboti. Jina lake ni Grimlock.

Nimemchagua yeye kwa sababu amenifundisha zaidi kuliko vitu vya bei kubwa kumliko. Kuthamini kikombe cha fedha si kazi ngumu: unapima uzito, unasoma mhuri, unatazama fundi ni nani. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa maelfu, kikauzwa kwa mtoto, kikatupwa sakafuni, kikaliwa na jua dirishani, hicho unakipima kwa kipimo gani? Na anayelipa fedha nyingi kwa ajili yake, ananunua nini hasa?

Kwanza nimweleze msomaji alivyo. Grimlock aliingia madukani Marekani mwaka 1985. Akiwa dinosauri, ni Tyrannosaurus wa rangi ya kijivu na dhahabu inayong'aa, amesimama wima, kichwa juu, mkia mnene chini. Ukitaka awe roboti, mkia unaupasua katikati ukawa miguu miwili. Miguu ya mnyama inainuka ikawa mikono. Kichwa cha mnyama kinakunjwa nyuma ya mgongo. Na hapo uso wa pili, uso wa roboti, unatokea. Hakuna kipande kinachobanduliwa wala kuongezwa. Mnyama mzima amo ndani ya roboti, na roboti nzima imo ndani ya mnyama. Mtoto akiufahamu utaratibu huo mara ya kwanza, uso wake hung'aa kama wa mtu aliyetegua kitendawili. Silaha zake ni upanga mwekundu na bunduki ya kurushia makombora, na hizo ndizo zinazopotea kwanza.

Wengi hudhani kwamba Grimlock ni Mmarekani. Ukweli ni kwamba alizaliwa Japani, katika kampuni ya Takara iliyoanzishwa mwaka 1955 na Yasuta Satoh. Na hata huko Japani, nasaba yake ina mzunguko wa ajabu. Mwaka 1964 kampuni ya Marekani iitwayo Hasbro ilitoa mwanasesere wa askari, G.I. Joe, ili wavulana nao wawe na mwanasesere bila kuona haya. Takara walipata idhini ya kumuuza askari huyo Japani. Walipoona mambo ya vita hayawavutii sana watoto wa kwao, walichukua mwili ule ule wakautengeneza kwa plastiki inayopenyeza mwanga, wakauwekea viungo vya ndani kama mashine, wakauita Henshin Cyborg. Hiyo ilikuwa mwaka 1972. Neno henshin kwa Kijapani ni kugeuka umbo.

Mwaka 1974, wakati bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani na plastiki nayo ikawa ghali, wazo hilo lilipunguzwa ukubwa. Akatoka Microman, mtu mdogo wa sentimita kumi hivi. Mwaka 1980 ukatoka mfululizo mwingine, Diaclone, na humo binadamu alipungua tena akawa rubani wa sentimita tatu tu, mwenye sumaku katika nyayo ili asimame juu ya chuma. Rubani huyo alihitaji vyombo vya kuendesha: ndege, magari, mashine kubwa. Mwaka 1982 Takara walianza kutoa katika Diaclone magari ya kawaida ya barabarani yanayogeuka kuwa roboti. Kufikia mwaka 1984 wakaongeza dinosauri watano. Yule Tyrannosaurus alikuwa mmoja wao.

Ndiyo maana Grimlock ana mahali pa kukaa rubani. Katika hadithi aliyopewa baadaye Marekani, yeye ni kiumbe hai wa chuma, mwenye akili na hasira zake mwenyewe. Haendeshwi na mtu. Lakini kiti kimebaki. Kalibu za chuma za kumiminia plastiki ni ghali mno, hakuna anayezibadili kwa sababu hadithi imebadilika. Katika kazi yangu nilikuwa nikimwonyesha mgeni kiti hicho kabla ya kumwonyesha kitu kingine chochote. Mtu aliyekuwa amekuja kuuliza bei tu, akiona kile kiti kitupu, aghalabu alianza kuuliza maswali mengine.

Safari ya kwenda Marekani ilianza mwaka 1983, watu wa Hasbro walipoziona roboti za Takara katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Tokyo. Walichukua vitu kutoka katika mifululizo miwili tofauti, Diaclone na ule uliotokana na Microman, wakaviunganisha chini ya jina moja: Transformers. Vitu tayari vilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa hadithi. Kazi hiyo wakapewa watu wa Marvel, wachapishaji wa vitabu vya picha. Jim Shooter aliandaa msingi wa kisa, yaani vita vya roboti wa pande mbili kutoka sayari nyingine. Mhariri aitwaye Bob Budiansky ndiye aliyewapa wengi wao majina na tabia, kila mmoja na aya yake fupi. Yule dinosauri asiye na jina, chombo cha kuendeshwa na rubani wa sentimita tatu, akawa Grimlock: mkali, mwenye nguvu, asiyependa kuamriwa. Wenzake wakaitwa Slag, Sludge, Snarl na Swoop, na wote watano kwa pamoja Dinobots.

Lakini kuna mlango mmoja ambao usingefunguliwa, Grimlock asingejulikana kama alivyojulikana, na mlango huo ni wa sheria. Mwaka 1969 nchini Marekani paliletwa malalamiko kwamba kipindi kimoja cha katuni, kilichobeba jina la magari ya kuchezea ya Hot Wheels, kilikuwa tangazo refu la biashara. Tume ya serikali inayosimamia utangazaji ilikubaliana na hoja hiyo, na kwa miaka mingi vituo viliogopa kufanya hivyo tena. Katika enzi ya Rais Reagan hali iligeuka. Mwenyekiti wa tume, Mark Fowler, aliamini kwamba soko lijiamulie lenyewe, na mwaka 1984 tume ikaondoa mipaka ya muda wa matangazo iliyokuwapo. Katuni ya Transformers ilianza kuonyeshwa Septemba mwaka huo huo. Dinobots walionekana kwenye televisheni mwezi wa Oktoba, na wao wenyewe wakaingia madukani mwaka uliofuata. Mtoto alikuwa amekwisha kumpenda Grimlock miezi kadhaa kabla hajauzwa. Bunge la Marekani lilirudisha mipaka ya matangazo kwa sheria ya mwaka 1990, na kipindi hicho cha katikati, tangu 1984 hadi 1990, ndicho kilichozaa sehemu kubwa ya vitu ambavyo wakusanyaji wa leo wanavigombania.

Nasema haya kwa sababu mkusanyaji wa umri wa miaka hamsini anapomshika Grimlock na macho yakamlenga machozi, pana watu wanaodhani ni utoto tu. Mimi naona ni historia inayofanya kazi yake. Huyo ni mtu ambaye utoto wake ulipangwa na watu wazima waliokaa mezani na hesabu zao, na bado mapenzi aliyokuwa nayo yalikuwa ya kweli. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja, na anayekithamini kitu hiki hapaswi kusahau hata moja.

Umbo lake pia lina historia. Tumezoea leo kuona picha za Tyrannosaurus akiwa amelala mlalo kama mizani, kichwa mbele, mkia hewani nyuma. Grimlock hakusimama hivyo. Alisimama wima huku mkia ukigusa ardhi, kama mifupa ya Tyrannosaurus ilivyosimamishwa mwaka 1915 katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini New York. Kwa vizazi viwili kila kitabu na kila filamu ilifuata mkao ule. Utafiti wa miaka ya 1960 na 1970 uliuvunja, na makumbusho yale yenyewe yaliisimamisha mifupa upya, ikaonekana katika mkao mpya mwaka 1995. Kwa fundi wa Takara, mkao wa zamani ulikuwa na faida ya pekee: mkia mnene unaoelekea chini ni miguu ya roboti tayari, bado kupasuliwa tu. Kwa hiyo Grimlock amehifadhi, pasipo kukusudia, jinsi watu walivyomfikiri mnyama huyu kabla mawazo hayajabadilika.

Hapo sisi wa pwani ya kusini ya Tanzania tuna neno la kusema. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri Tendaguru, upande wa ndani wa Lindi. Wachimbaji walikuwa wenyeji kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa mabegani na vichwani siku kadhaa mpaka bandarini, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Yumo katika mifupa ile ndugu wa Stegosaurus aitwaye Kentrosaurus. Na huyo Stegosaurus ndiye umbo la Snarl, mwenzake Grimlock. Mfupa wa Tendaguru uliokatwa na taarifa ya mahali ulipolala unabaki jiwe zuri tu. Taarifa ndiyo inayoufanya useme. Kanuni hiyo nimeitumia katika kazi ya mnada siku zote, nayo haibagui mfupa wa miaka milioni 150 na plastiki ya miaka arobaini.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Anayetaka kumthamini Grimlock wa mwaka 1985 huuliza mambo manne: je, ni halisi, je, ni kamili, hali yake ikoje, na je, ana kasha lake?

Uhalisi hutazamwa kwanza, maana nakala zisizo na idhini ni nyingi. Mzee halisi ana baadhi ya vipande vya chuma, basi mkononi ana uzito ambao nakala nyingi hazina. Mwilini ana maandishi madogo yaliyochorwa katika plastiki, jina la kampuni na mwaka. Hapo pana mtego kwa wageni. Mwaka ule ni wa haki ya ubunifu, hauonyeshi mwaka wa kutengenezwa. Kitu kinaweza kubeba mwaka wa zamani kuliko siku kilipotoka kiwandani. Kisha kuna alama ya kusugua. Tangu mwaka 1985 Hasbro walibandika juu ya Transformers kibandiko kidogo cheusi; ukikisugua kwa kidole mpaka kipate joto, uso wa upande anaopigania roboti hutokea kwa rangi. Walikiweka ili kuwatofautisha na waigaji, ambao tayari walikuwa wengi. Kibandiko kilichosuguliwa na maelfu ya vidole leo aghalabu hakionyeshi kitu.

Ukamilifu ni habari ya upanga, bunduki na makombora. Makombora yenyewe yana kisa. Mwishoni mwa mwaka 1978 mtoto mmoja Marekani alifariki baada ya kukabwa na kombora la chombo cha kuchezea cha kampuni nyingine, na tangu hapo watengenezaji wa huko waliziogopa chemchemi zenye nguvu. Kwa hiyo Transformers za Marekani zilipewa chemchemi dhaifu, wakati zile za Japani zilirusha kweli. Mnunuzi anayelalamika kwamba bunduki ya Grimlock haifyatui vizuri analalamikia hadhari iliyowekwa kwa makusudi.

Hali ndiyo yenye ubishi mwingi. Ile dhahabu inayong'aa ni utando mwembamba mno wa chuma uliopakwa juu ya plastiki ndani ya chombo kisicho na hewa. Kidole chenye jasho huula polepole. Dawa ya kusafishia huula mara moja. Plastiki ya kijivu hubadilika kuwa ya njano kwa mwanga na joto. Wapo wanaoirudisha rangi yake kwa haidrojeni peroksaidi, na wapo wanaosema huko ni kudanganya. Viungo vya nyonga hulegea. Vibandiko hubanduka. Jambo moja zaidi kuhusu vibandiko: havikubandikwa kiwandani. Vilikuja katika karatasi yake, na mtoto ndiye aliyevibandika. Kwa hiyo kila Grimlock ambaye vibandiko vyake vimekaa upande ana saini ya mikono midogo, na soko humpunguzia bei kwa sababu hiyo hiyo.

Mwisho ni kasha. Kasha lina picha ya rangi mbele, na nyuma lina jedwali la nguvu za roboti lililofichwa kwa mistari. Ulihitaji karatasi nyekundu inayopenyeza mwanga ili ulisome. Lilikuwa pia na sehemu ya kukatwa kwa mkasi, pointi ambazo mtoto alizikusanya akazituma kwa posta pamoja na fedha ili apate roboti nyingine zisizouzwa madukani. Kampuni ilimwambia mtoto achukue mkasi akate kasha. Mtoto akatii. Leo kasha lililokatwa limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na kasha ambalo halijafunguliwa kamwe huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya Grimlock aliyechezewa. Wapo hata wataalamu wa kulipwa ambao huchukua kitu kilichofungwa, wakakipa alama kwa kipimo cha mia, kisha wakakifunga tena ndani ya sanduku gumu la plastiki angavu. Baada ya hapo hakuna tena atakayemgeuza.

Siku moja mizani hii yote niliitumia katika nyumba ambayo si ya mnada. Rafiki yangu wa miaka mingi, mtu wa Mombasa aliyehamia Leicester, alikuwa amefariki. Aliacha mke, binti na mtoto wa kiume, na aliacha deni. Deni la marehemu, kama ajuavyo Mwislamu yeyote, hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Roho yake haitulii mpaka lilipwe. Binti alikuwa na daftari, anaandika kila kitu kilichomo nyumbani. Juu ya kabati la baba yao, ndani ya kipande cha kanga, walimkuta Grimlock.

"Ami," binti aliniambia, "nimeona huyu ameuzwa maelfu ya pauni. Kama ni kweli, deni la baba limekwisha leo."

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. "Huyo si mali ya baba," alisema. "Alinipa mwenyewe mwaka 1986, nikiwa na miaka saba. Hiba hairudi kwenye mirathi."

"Ulimwacha hapa ukahama," dada yake akajibu. "Miaka ishirini baba ndiye aliyemtunza."

Mama yao hakusema kitu. Alinisogezea kiti na kikombe cha chai, akangoja.

Nilimfungua kutoka kwenye kanga nikamtazama kama nilivyowatazama wengine. Halisi, ndiyo. Upanga upo, bunduki na makombora hayapo. Dhahabu imekwisha pale kidole gumba kinapoegemea. Vibandiko viwili vimekaa upande. Kasha hakuna. Nyonga moja ilikuwa imevunjika zamani, na mtu alikuwa ameiunga kwa waya mwembamba wa shaba, akausokota kwa koleo vizuri sana, akaukunja ncha ili usimchome mtu. Nikamgeuza. Alikubali, taratibu, na waya ule ulikaa mahali pake.

Niliwaambia ukweli. Aliyeuzwa kwa maelfu alikuwa ndani ya kasha lisilofunguliwa. Huyu, kwa hali yake, hafikii pauni 60, na waya ule unampunguzia. Binti aliinamisha kichwa akafuta mstari katika daftari lake. Nilimwona anahesabu upya. Kaka yake alikuja karibu, akatazama ile shaba.

"Sikujua kama alimtengeneza," alisema. "Alivunjika nikamficha. Niliogopa kumwambia."

"Alimkuta," mama yake alisema. "Alikaa naye usiku mzima jikoni, akitoka zamu. Akasema, nitamrudishia akiuliza. Hukuuliza."

Deni lile lililipwa, kwa jasho, katika mwaka na miezi mitatu. Dada alitoa zaidi kuliko kaka, na jambo hilo limeacha ufa baina yao ambao sijui kama umeziba. Sitaki msomaji adhani kwamba dinosauri aliwapatanisha. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu nyingine. Katika fomu ya kazi yetu pana mstari wa kuandika kasoro, na kila kinachoonyesha kwamba kitu kimetumiwa huandikwa hapo. Waya wa shaba ningeuandika hapo, na ningekuwa nimefuata taratibu. Lakini kama mtu angeniuliza ni alama ipi juu ya Grimlock yule inayoeleza zaidi habari za mwaka 1986, za wazazi wahamiaji wanaofanya kazi za zamu na watoto wao wanaotazama katuni za Kimarekani zilizochorwa kwa sehemu kubwa Japani, ningeonyesha waya.

Siwalaumu wanaonunua makasha yaliyofungwa. Pasipo wao tusingejua leo jinsi vitu hivi vilivyotoka kiwandani, rangi zake za kwanza na mpangilio wa vipande vyake. Nyaraka inahitaji nakala moja isiyoguswa. Ninachokitilia shaka ni ile desturi ya kuifanya nakala hiyo kuwa kipimo cha nyingine zote, hata Grimlock aliyetimiza kazi yake akahesabiwa kuwa ni yule asiyetimiza, aliyepungukiwa. Kitu hiki kilibuniwa ili kigeuzwe. Fundi alipasua mkia na kukunja kichwa kwa ajili ya mikono ya mtu. Ndani ya sanduku lililofungwa, nusu ya ubunifu ule haionekani, na anayemiliki anaamini kwamba roboti imo ndani ya dinosauri kwa kuambiwa tu.

Wenye kiwanda nao wanaelewa biashara ya kumbukumbu. Takara iliungana na kampuni ya Tomy mwaka 2006, na mwaka 2009 kampuni mpya ilitoa Grimlock wa fahari kwa watu wazima, mwenye umbo la katuni na ugeukaji mgumu zaidi. Mwaka 2014 Dinobots waliingia katika filamu kubwa. Mwaka 2021 alitoka mwingine, aliyefuata sura aliyokuwa nayo katika filamu ya katuni ya mwaka 1986. Mwaka 2023 alitolewa Grimlock mwenye mota ndani, anayegeuka mwenyewe akiamriwa kwa sauti, kwa bei inayozidi dola 1,000. Nilimwona akifanya hivyo, na nakiri ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Mwenye kumiliki alikuwa amekaa kando, mikono mapajani.

Kwa hiyo mtu akinijia sasa na Grimlock wa zamani, bado namwambia bei, kwa kuwa ndiyo aliyoijia na ni haki yake kuijua. Namweleza halisi ni kipi, nini kimepotea, dhahabu imelika kiasi gani. Kisha namwonyesha kiti cha rubani, nikamwambia kilitoka wapi. Halafu namuuliza nani aliyebandika vibandiko. Wengi hujibu papo hapo. Majibu yao nayaandika kwenye karatasi, nikaikunja na kuiweka pamoja na kitu chenyewe, na namsihi atakayekiuza siku moja asiitupe karatasi ile. Katika soko la leo haiongezi hata pauni moja.